Vigingi Visivyozama

Jumamosi ya nane mfululizo kipimo kilitoka sifuri, na mpimaji akaona kama kuna mtu anamchezea shere.

Kazi yake ilikuwa kujua ardhi imezama kiasi gani juu ya mgodi wa makaa. Vigingi vifupi vya zege, kila kimoja na chuma kichwani, vilipita katikati ya nyumba za wafanyakazi. Chini yake, mita tisini, wachimbaji walikuwa wametoa makaa na kuacha nguzo za makaa yenyewe zibebe mwamba. Baada ya wiki ya tisa nguzo hizo nazo zingeondolewa, ikiwa tu vigingi havijazama zaidi ya milimita thelathini. Vikizidi hapo, kazi inasimama mpaka watu wahame. Mojawapo ya nyumba hizo ilikuwa ya mjomba wake.

Kilichomkera ni kwamba vyombo vya kupimia vya kule chini mgodini vilisema vingine. Matabaka ya mwamba wa dari yalikuwa yanaachana wiki hadi wiki, kama kurasa za kitabu kilicholoa. Dari ishuke, halafu ardhi ya juu isitikisike? Alipeleka darubini yake ya kupimia kwa fundi mara mbili. Fundi alisema ni nzima, mara ya pili akasema hivyo kwa kununa. Meneja naye alimjibu bila kuinua macho kwamba chuo kimemjaza woga, namba ni namba. Mpimaji, ambaye sauti humkauka mbele ya watu, alisema sawa akatoka, kisha akajilaumu njia nzima.

Jumatatu ya kuondoa nguzo ikiwa imebaki siku mbili, Jumamosi ya tisa aliwahi kuliko kawaida. Akamkuta mjomba, mwashi mstaafu ambaye mpimaji mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi ya kulinda vigingi, amepiga magoti. Kigingi cha saba kilikuwa kimelazwa kando ya shimo lake kama jino lililong'olewa. Mpira mrefu wa maji, ule wa waashi wa kupimia usawa, ulikuwa umenyooshwa hadi kwenye msingi wa tenki la maji, kule kwenye mwamba mgumu usiozama.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Nakirudisha mahali pake, mama. Kimezama tena."

"Tena?"

Alieleza kwa fahari kabisa. Wiki ya kwanza alimsikia meneja akimfokea mpwa wake mbele ya watu, ati ole wake vigingi vyake vizame. Kwa mwashi wa miaka arobaini, kitu kinachozama ni kazi mbovu. Basi kila Jumamosi, kabla binti hajafika, alipitisha mpira, akakichimbua kila kilichoshuka na kukitilia kigae chini mpaka maji yalingane na alama aliyoiweka kwenye tenki. Hata vijana wa chuo, alisema, hawawezi kupata usawa kama ule.

Mpimaji alikaa chini kwenye udongo. Alitaka kupiga kelele, lakini utampigiaje kelele mzee aliyekatisha usingizi kwa ajili yako?

"Vigae bado vimo humo?"

"Vitaenda wapi? Nimevipanga mwenyewe."

Walivitoa. Vilikuwa saba, kila kimoja milimita nane. Akampigia simu meneja, naye akaja na shati halijafungwa vifungo, akasema hasimamishi mgodi kwa ajili ya vigae vya bafuni, na mlinzi huyo afukuzwe leo hii.

"Kigingi kikae bila vigae, halafu upime wewe mwenyewe," alisema mpimaji. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "Ikija sifuri, nifukuze na mimi."

Meneja akapima, akarudia. Milimita sitini na moja: hamsini na sita za vigae, na tano za wiki hii. Akaandika amri ya kusimamisha kazi juu ya goti lake, akaondoka bila kumtazama mtu.

Mjomba alikuwa anakunja mpira polepole. "Kwa hiyo siyo kazi mbovu. Ni ardhi."

"Ni ardhi, Mjomba. Nilikueleza siku ya kwanza."

"Ulieleza kwa sauti ndogo."

Kisha akamwita sebuleni kwake, akasogeza kabati. Nyuma yake ufa ulipanda kutoka sakafuni hadi darini, umezibwa kwa saruji mara tatu, saruji nayo imepasuka. Hata mkewe hakuwa amemwonyesha.

"Huu nao uandike," alisema, akiutazama ukuta wake. "Andika ni ardhi. Siyo mimi."