Mgongo wa Roshani

Msafiri aliitambua karatasi ile kabla hajaifikia. Ilikuwa imetandazwa juu ya mbao mbili, imewekewa kipande cha tofali kila pembe isipeperuke, na ingawa ilikwisha kuchafuka kwa chokaa ilikuwa karatasi yake. Aliichora kwa mkono wake, jioni kumi na mbili mfululizo, kila alipotoka ofisini alikokuwa akinakili michoro ya wahandisi wa Kizungu. Mstari mwekundu aliouchora upande wa juu wa roshani, mstari wa nondo, ulikuwa umekatwa kwa penseli ya seremala. Upande wa chini mkono mwingine ulikuwa umechora mstari mpya, mnene kama kidole.

"Nani amekata hapa?"

Tadeo, mpinda nondo, aliinua kichwa. Walikuwa marika, ingawa Tadeo alizaliwa kambini, baba yake akiwa amekuja Tanga kwa kandarasi ya mkonge asirudi tena kwao.

"Waniuliza mimi? Muulize mwenye penseli."

"Na nondo mlizilaza wapi?"

"Chini. Zote. Fundi alisema wewe mpwa wake umeivisha roshani kofia." Tadeo alitaka kucheka, akauona uso wa mwenzake, akaacha. "Zege tulilimwaga siku ile ile uliyoondoka, Msafiri. Nguzo za kuegemeza tumeziondoa jana. Wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

Alikuwa Korogwe kwa kazi ya ofisi, wiki nne, akishika kamba ya kupimia daraja la watu wengine.

Akapanda ngazi mbili mbili. Jengo lile lilikuwa madrasa ya wasichana, ya ghorofa, na mtaa mzima wa Usagara ulikuwa ukilisubiri. Mbele, ghorofa ilitokeza nje ya ukuta futi tano, kwa urefu wa futi ishirini, ikaning'inia juu ya njia ya watu bila nguzo hata moja chini yake. Kutokuwa na nguzo lilikuwa wazo la Msafiri. Alilipigania barazani mpaka wazee wakakubali, na hilo ndilo lililomchoma sasa kuliko penseli ya mjomba wake. Alichuchumaa pale roshani inapoungana na ukuta, akapitisha ukucha juu ya zege. Ukucha ukanasa. Ufa mwembamba kama unywele ulikwenda kutoka mwanzo wa roshani hadi mwisho wake.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi kina mama wangekuja kupigilia sakafu. Zege lilikuwa jambo la kisasa, lakini hakuna dari Tanga iliyohesabika kuwa dari kabla kina mama hawajaimwagia chokaa mbichi na kuipiga kwa vibao, kwa ngoma na nyimbo, siku tatu, mpaka iwe ngumu kama jiwe. Walikuwa thelathini na wawili. Mwimbishaji, kama ilivyokuwa kila mara, angesimama ukingoni kabisa ili njia nzima imwone. Mwimbishaji huyo alikuwa Bi Saleha, mama yake.

* * *

Fundi Mwinyijuma alikuwa ameketi na mafundi wake kwenye kivuli cha ukuta, wakila muhogo wa kuchemsha uliotoka Mwera asubuhi ile. Alikuwa kaka wa Bi Saleha, na nusu ya nyumba za mawe za mtaa ule zilipita mikononi mwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umerudi, mhandisi?"

Mafundi wakacheka kidogo. Msafiri hakuketi.

"Mjomba, roshani ile itaanguka."

"Itaanguka." Mzee alitafuna, akameza. "Nimejenga miaka arobaini. Nitajie nyumba yangu moja iliyoanguka."

"Hakuna. Kwa sababu ulijenga kwa boriti. Boriti ya mkandaa haina juu wala chini. Uilaze utakavyo, ubavu wowote unavumilia kubanwa na unavumilia kuvutwa. Zege si hivyo. Zege ukilibana halijali, ukilivuta linakatika, ndiyo maana tunalitilia chuma pale linapovutwa."

"Na linavutwa tumboni. Hata mimi hilo nalijua, walinifundisha Wahindi kabla hujazaliwa. Chuma huwekwa chini."

"Linavutwa tumboni likikalia kuta mbili! Roshani imeshikwa upande mmoja tu!"

Kikapuni palikuwa na mihogo mibichi. Msafiri alichukua mmoja mrefu, akaulaza juu ya matofali mawili, akaubonyeza katikati. Ukapasuka kwa chini. Akachukua wa pili, akaubana ncha moja chini ya jiwe zito, ncha nyingine ikatokeza nje, akaikandamiza kwa kiganja. Muhogo ukafunguka kwa juu, pale pale karibu na jiwe, ukakatika.

"Umeona? Ile tumboni, hii mgongoni. Na kadiri mzigo unavyokaa mbali na ukuta ndivyo unavyovuta zaidi. Mtu mmoja ukingoni anavuta kuliko wawili waliosimama karibu na mlango. Ukutani hapo mgongo wa roshani unavutwa na wote kwa pamoja, na mle mgongoni hamna hata nondo moja!"

Mafundi wakaacha kutafuna, na Msafiri akadhani ameshinda. Kisha Safari, mwashi mkongwe wa mjomba wake, akaokota kipande cha muhogo.

"Basi jamani, kuanzia leo tusijenge kwa muhogo."

Wakaangua kicheko mpaka mmoja akapaliwa. Fundi Mwinyijuma hakucheka. Alifuta mikono yake polepole kwa kitambaa.

"Wewe baba yako alipofariki nilikuchukua mimi. Nilikupa pimamaji ya kwanza ya kupimia ukuta, ukaivunja. Leo unakuja mbele ya vibarua wangu kunikatia mihogo." Akasimama. "Jumamosi kina mama wanapigilia. Kama unaogopa, kaa nyumbani ujifunike shuka."

"Nawe ukisimama chini yake Jumamosi, mjomba, hutahitaji kujifunika. Utafunikwa."

Hapo hakuna aliyecheka. Kijana alikuwa amemtolea mzee maneno ambayo hayarudi.

* * *

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Bi Saleha alikuwa uani, akipiga msasa kibao chake cha kupigilia.

"Umemwambia kaka yangu atafunikwa?"

"Mama, usiende Jumamosi."

"Nimekuuliza."

"Nimemwambia. Na nitamwambia tena. Mama, nimepiga hesabu. Ninyi wenyewe mna uzito wa ratili elfu nne. Chokaa mbichi ile, elfu tatu kasoro. Na hamsimami tu, mnaruka na kupiga kwa pamoja! Zege tupu haliwezi hata nusu ya hayo."

"Umetupima lini? Mizani umeitoa wapi?" Aliendelea kupiga msasa. "Mimi nimeimbia sakafu tangu sijaolewa. Niwaambie wenzangu nini? Kwamba mwanangu amesoma kitabu?"

"Waambie hivyo hivyo!"

"Huna adabu, Msafiri. Akili unayo, sikatai. Lakini mtu atakusikilizaje nawe kila neno unalisema kama unatema?"

Alitaka kumwambia kwamba zege halisikilizi adabu. Alitaka kukivunja kibao kile gotini. Alitoka nje, akapiga ngumi mlango wa watu ambao hawakumkosea kitu.

* * *

Ijumaa hapakuwa na kazi. Mwadhini alipoadhini adhuhuri, wanaume wa Usagara wakatoka na kanzu zilizonyooka, njia ikabaki tupu. Msikiti ulikuwa nyumba ya nne kutoka kwenye madrasa. Msafiri alikaa amejibanza nyuma ya lundo la mchanga mpaka mtu wa mwisho alipovua viatu.

"Wewe ndiye unayepaswa kuwa mle ndani," Tadeo alisema. "Mimi wangu wananingoja Jumapili."

"Mungu anajua niliko. Shika huku."

Walifunga kamba kukata njia pande zote mbili, wakaweka pipa na matawi ya mwarobaini ili asipite mtu. Kisha wakapanda. Mifuko ya saruji iliyobaki ilikuwa juu tayari, kila mmoja ratili mia na kumi na mbili. Hawakukanyaga roshani hata mara moja. Walisimama ndani ya ukuta, wakalaza ubao uliopakwa sabuni, wakaisukuma mifuko mmoja mmoja kwa mti mrefu mpaka ukingoni, mahali ambapo kina mama wangesimama.

Mifuko kumi. Hakuna kitu. Sauti ya khatibu iliwafikia ikipanda na kushuka.

Kumi na mitano. Tadeo alijipangusa jasho. "Na isipoanguka?"

"Itaanguka."

"Nasema isipoanguka, Msafiri. Utakuwa umekosa sala, umemtukana mjomba, na umebeba saruji bure."

 Msafiri alisukuma wa kumi na sita kwa hasira hata mti ukampasua kiganja. Alikasirika kwa sababu swali lile alikuwa nalo mwenyewe tangu alfajiri. Alitamani ianguke. Hakutaka kabisa kuwa amekosea, na kwa dakika moja alijichukia, maana mtu aliyempenda mama yake kweli angetamani isianguke.

Mfuko wa ishirini. Ufa uliokuwa unywele ukawa uzi. Wa ishirini na mmoja, ukaingia ncha ya penseli. Tadeo akafanya ishara ya msalaba. Wa ishirini na mbili ulikuwa haujatulia vizuri pale zege lilipolia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja mua gotini, na roshani nzima ikainama taratibu, kisha si taratibu tena. Iling'oka ukutani kwa futi zake zote ishirini. Vumbi lilipanda mpaka juu ya paa. Nondo zilibaki zikichungulia kutoka ukutani kwa upande wa chini, zimepindika kama ndevu, hazikusaidia chochote.

Msafiri alikaa chini. Alihesabu: chini ya ratili elfu mbili na mia tano. Chokaa ikishamwagwa, kina mama wasingepanda hata nusu yao kabla haijaanguka.

* * *

Watu walimaliza sala kwanza, kisha wakaja, wengine wamevaa kiatu kimoja. Fundi Mwinyijuma alipenya katikati yao. Aliangalia kifusi, akaangalia nondo, akaziangalia kwa muda mrefu zaidi kuliko vitu vyote. Msafiri, mweupe kwa vumbi, alishuka ngazi akasimama mbele yake.

"Mifuko ishirini na mbili, mjomba. Thelathini na wawili wangekuwa juu kesho, na ngoma."

Mzee alijua kosa lake. Lilipita machoni mwake, Msafiri aliliona, na angeridhika nalo hilo tu kama mzee angelisema kwa neno lolote. Lakini watu walikuwa wengi.

"Mfuko wa saruji hulala mahali pamoja ukakandamiza," Fundi Mwinyijuma aliwaambia watu, si Msafiri. "Mtu hucheza. Akiruka, uzito wake unapaa. Huyu amevunja nyumba ya chuo, saa ya Ijumaa, kwa wivu."

"Akiruka unapaa? Na akitua je? Akitua!"

Hakuna aliyemsikiliza. Mzee mmoja alitema mate karibu na mguu wake. Mtu akasema yule mpinda nondo asikanyage tena pale. Na Bi Saleha, aliyekuja mbio na kanga begani, alisimama ng'ambo ya kifusi, akautazama ukingo uliovunjika, ule ule aliokwisha kuuchagua kuwa mahali pake. Akamtazama mwanawe. Akageuka akaenda zake.

* * *

Miezi miwili Msafiri alikula chumbani kwake peke yake, mama yake akimwekea sahani bila salamu. Tadeo aliitwa kazini baada ya wiki tatu, maana hapakuwa na mwingine aliyejua kupinda nondo vile. Jioni moja alikuja mbio kwa Msafiri.

"Roshani inarudishwa, urefu ule ule. Na nondo fundi ameniamuru nizilaze juu. Juu, Msafiri! Nimeziingiza ndani ya sakafu ya chumba futi saba, kama ulivyochora."

"Amesemaje?"

"Amesema chokaa ya Kigombe mwaka huu ni nzito, ndiyo maana."

"Chokaa ya Kigombe!" Msafiri alipiga teke kigoda kikaenda kugonga ukuta. "Hakusema neno jingine?"

"Alisema nisikuambie."

Zege lilipokomaa, kina mama wakapigilia, Jumamosi asubuhi, na njia ikajaa watazamaji. Msafiri alikuja ingawa hakualikwa. Watu walimpisha kama anayenuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya roshani, mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyesimama, akakunja mikono. Fundi Mwinyijuma alimwona kutoka ng'ambo. Akavuka njia, akaja akasimama hatua mbili kutoka kwake, chini ya roshani ile ile, akatazama mbele. 

Juu, ngoma ikaanza, na sauti ya Bi Saleha ikapanda kutoka ukingoni:

*Mwenye kupima kwa wino,*
*Ijumaa kaitosa,*
*Kavunja hata kwa meno,*
*Hakiri kuwa ni kosa.*

Watu wakashangilia wakimtazama. Damu ilimpanda Msafiri mpaka masikioni. Jibu alikuwa nalo, beti tatu za kumnyamazisha yeyote, alizitunga pale pale aliposimama na zilikuwa kali. Vibao vikatua kwa pamoja, zege likatetemeka kidogo, chokaa ikamnyunyizia mabegani, na kina mama wakaitikia. Alifungua kinywa, kisha akakifumba. Kwanza alitaka kuzihesabu sauti.

Alizihesabu mara mbili, kwa hasira, huku machozi yakimtoka. Zilikuwa thelathini na mbili.