Kuni za Nsimire

Nilikuwa nyumbani Lackawanna, Marekani, dada yangu mdogo, Nsimire, aliponipigia simu kutoka shamba letu la mihogo huko Kivu.

"Kaka, nimepata kuni! Jeshi limemaliza kutegua mabomu, limeondoka jana. Wameacha vijiti vyekundu shamba zima, nimeving'oa. Wewe unapikia umeme, huwezi kujua raha yangu."

"Nsimire, vile vijiti vinaonyesha mabomu yaliyobaki! Hawajamaliza, redio imesema wameitwa vitani. Uko wapi?"

"Katikati ya shamba."

"Rudi kwa kukanyaga nyayo zako."

"Mvua imezifuta, kaka."

"Basi simama hapo hapo."

"Mpaka lini?"

Nilimwomba tu asikate simu, naye akaniambia chaji imebaki kidogo sana.