Mguu Uliosimama

Nilianza kujifunza piano nikiwa na miaka hamsini na mmoja, katika madarasa ya jioni ya mji wetu wa Douarnenez, vidole vikinuka dagaa wa kiwandani. Nia yangu ilikuwa moja: kumpigia mwanangu Gildas katika misa ya kutimiza mwaka tangu apotee vitani, huko Verdun. Kaburi hana. Barua ya jeshi ilisema "hajulikani alipo", na kila nikisali humrudishia Mungu maneno hayo, maana sijui pa kuyaweka.

Mwalimu Ozanne, aliyeharibiwa mapafu na gesi ya vitani, alinifundisha kipande kifupi cha mtindo mpya, kuhusu ukungu.

"Mama Kerivel, unakimbilia wapi?"

"Sauti hii haijatulia, Mwalimu. Naitafutia njia ya kurudi nyumbani."

"Hairudi. Muziki huu hausimulii kisa. Unakuonyesha mwanga, maji, hewa, basi. Kanyaga pedali hapo chini, uache mguu. Usiinue! Ziache sauti zichanganyike kama rangi kwenye karatasi iliyolowa."

Mwanzoni niliona ni fujo. Kufikia majira ya baridi, nilisikia ndani yake ghuba yetu ya asubuhi, unapomsikia mtu akiita na humwoni.

Wifi yangu Soazig alikuja kusikiliza. "Wifi, huo ni muziki, au paka kapita juu ya piano?"

"Ni ukungu."

"Basi mwambie Padri alete taa."

Padri Le Goff, nilipompigia kipande hicho nikiomba ruhusa, hakucheka. "Binti yangu, kipande hiki hakina mwisho. Hata Amina haina pa kukaa."

"Na mwanangu, Padri, ana mwisho?"

Alifunga kitabu chake cha sala. "Haya. Mara moja tu, baada ya komunyo. Lakini kinanda cha kanisa si piano. Kinapumua kwa miguu yako; ikisimama, hewa inakwisha na sauti inakatika. Ukanyage bila kuacha."

Jumapili ya misa ya Gildas niliomba msaada wa Mungu, nikaanza. Miguu ilipanda na kushuka, ukungu ukatoka, ukatanda juu ya mabenchi. Hakuna aliyekohoa. Nilimwona Soazig amefumba macho.

Kisha nikafika pale Mwalimu aliponifundisha kuacha mguu chini. *Usiinue.* Mguu ukatii. Ukakanyaga, ukasimama, na mwenzake ukasimama nao.

Sauti ikashuka, ikakoroma, ikakatika kama mtu aliyeishiwa pumzi katikati ya neno. Vidole vyangu vilikuwa bado vimekandamiza. Kanisa zima lilingoja. Nilijua la kufanya: kukanyaga tena, tu. Miguu ilikataa. Nilikuwa nikiwaza kama Gildas naye alikuwa na neno mdomoni.

"Tuombe," Padri akasema hatimaye, polepole.

Nje, Soazig alinishika mkono. "Kilikata pumzi, wifi. Kimezeeka kile kinanda."

"Mimi ndiye niliyekinyima."

Alinifunga shali vizuri, tukatembea.

Padri hakunipa siku nyingine, wala sikuiomba. Alhamisi nilikwenda darasani. Mwalimu alikuwa amelazwa hospitalini kwa mapafu yake, chumba kitupu. Nikapiga kipande chote kwenye piano hadi sauti za mwisho, nikaacha mguu chini. Zikachanganyika, zikafifia, nami nikiwa nimeinamisha kichwa, nikisali, nikisikiliza, hata nisijue ni lini hasa zilikwisha.