Likizo ya Kutafuta Nguzo

Kijiji kizima cha Hinterau kiliambiwa kwamba Zenzi, mjane wa Wastl, anakwenda likizo kutazama makasri. Niliwatangazia mwenyewe, dukani, kwa sauti, huku nikichagua mkate. Wakaangaliana. Tangu nizaliwe sijawahi kwenda likizo, na makasri nimeyaona ya kutosha kwenye kalenda. Walidhani nakimbia aibu, nikawaacha wadhani hivyo.

Aibu yenyewe ni hii. Kwetu, kabla ya Mei mosi, kila kijiji hukata mti mrefu, huuchuna gome, huupaka rangi, kisha huulinda mpaka siku ya kuusimamisha uwanjani uwe nguzo ya mwaka. Na kila kijiji hujaribu kuiba nguzo ya jirani. Si wizi wa kuitiwa polisi, ni wizi wa heshima. Mlinzi akiwahi kuigusa nguzo kwa mkono wake, wezi wanarudi kwao mikono mitupu. Wakishaivusha mpaka wa kijiji, imekwenda, na wenyewe wataikomboa kwa bia na chakula. Mume wangu aliilinda miaka thelathini na moja. Alipofariki nikadai nafasi yake, nikaidai miaka minane, mpaka Korbinian, mwenyekiti wa chama, akachoka akaandika jina langu kwenye orodha ya walinzi. Mwanamke wa kwanza. Aliliandika kwa penseli.

Zamu yangu ya tatu, saa sita mchana, wenzangu wamekwenda kula, simu ikalia. Sauti ya mwanamume, kama mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa.

"Mama Zenzi! Ng'ombe wako wako barabarani, karibu na daraja!"

"Wangapi?"

"Wote!"

Nikakimbia. Nani asingekimbia? Darajani hakuna hata kwato. Zizini, ng'ombe wangu wote kumi na mmoja wamelala wanacheua, wakanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. Niliporudi kwenye banda la zimamoto tulikoilaza, nguzo ya mita thelathini na mbili haipo.

"Si nilisema?" Korbinian akauliza mbele ya watu, kofia yake ya sherehe kichwani, ile yenye manyoya ya mbuzi wa milimani yaliyosimama juu kama brashi, ncha zake nyeupe. "Mwanamke na ng'ombe wake! Wizi huu umetuvua nguo."

Kwa kawaida wezi hawawezi kunyamaza. Siku ya pili wanapiga simu wakicheka, siku ya tatu mnapatana bia. Safari hii ikapita wiki nzima, kimya. Korbinian akaitisha mkutano wa Jumapili ya mwisho ya Aprili, baada ya misa, tupige kura ya kuwafuta wanawake kwenye orodha, sasa na milele. Mimi nilishindwa kula. Nafasi ya Wastl ndiyo kitu pekee chake ambacho bado kilikuwa hai mkononi mwangu.

Lakini mita thelathini na mbili hazifichiki uvunguni. Vijana walishapekua kila banda la bonde letu. Nikajiuliza, nani tena ana nyumba ndefu kiasi hicho? Nikatia futikamba kwenye mkoba, nikawasha kigari changu chekundu, nikaondoka peke yangu.

Kasri la kwanza, Rabenegg, liko juu ya jabali, ngazi mia mbili na arobaini. Nilizihesabu kwa magoti. Juu nikakuta kuta tatu na mbuzi mmoja, paa lilianguka zamani za vita. Pale hufichi hata ufagio. Nikala mkate na jibini, nikamtukana Korbinian kidogo, nikashuka.

La pili, Lichtenmoos, lina ukumbi wa harusi unaong'aa kama sahani. Kijana anayetembeza wageni alinikuta nimepiga magoti, futikamba imenyooka sakafuni.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nataka kununua zulia kama hili."

"Hili lina mita ishirini na sita!"

"Ndiyo maana napima, mwanangu. Kwangu kuna mita ishirini na tano."

Akaniletea kiti na maji. Niliona haya kidogo, lakini maji niliyanywa.

Siku ya tatu nikapanda kona kwa kona, gia ya kwanza ikilalamika, theluji bado imelala pembeni, mpaka Hohenfalk, upande wa pili wa mpaka wa nchi. Kasri dogo, lakini ubavuni lina banda la kuchezeshea farasi, refu. Langoni alikaa mtunza funguo, Notburga, mama wa umri wangu na ulimi wangu.

"Mungu akusalimie. Tiketi euro saba. Ndani kuna baridi, choo kimeharibika, na mzimu hatuna, usiniulize."

"Na lile banda la farasi?"

"Limefungwa. Kuna boriti ya paa la kanisa imehifadhiwa."

"Ebo! Boriti gani ya kanisa inapakwa buluu na nyeupe?"

Akaweka chini sindano zake za kufumia. "Mlango una kufuli, dirisha halipo. Rangi umeijuaje?"

Nilikuwa nimejifichua mwenyewe kwa swali moja. Nikamweleza yote, ng'ombe, penseli, kura. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua funguo.

Ilikuwa nguzo yetu. Imefunikwa mablanketi ya farasi, lakini kifundo chenye umbo la pua ya nguruwe nilikijua, maana hapo ndipo nilipojikata kidole nikichuna gome.

"Nani aliileta?" nikauliza.

"Binamu wa mwenye kasri, bwana mmoja mnene, kwa lori refu la magogo na vibarua wa kukodi. Ana kofia yenye manyoya, ncha nyeupe, ameinua shingo kama jogoo. Alisema ataifuata tarehe thelathini, siku moja kabla ya sherehe."

Nikakaa juu ya nguzo nikalia kwa hasira. Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe mpango ulikuwa hivyo: mimi nifutwe Jumapili, kisha yeye aingie na nguzo kama shujaa, watu wambebe mabegani.

"Mseme," Notburga akaniambia.

"Neno langu kwa lake? Watasema natafuta kisingizio." Nikafuta kamasi. Kisha nikakumbuka alivyonikamata pale langoni, na nikaanza kucheka. "Shoga, Ijumaa lango lako linafunguliwa saa ngapi?"

Kutoka pale sikurudi nyumbani. Nilikwenda Moosbichl, kwa maadui zetu wa jadi, Mungu anisamehe. Mwenyekiti wao, Xaver, alikuwa anaosha trekta.

"Xaver, ungependa nguzo ya Hinterau?"

Mpira wa maji ukamtoka mkononi, ukamlowesha mbwa. "Mama Zenzi, unanitania?"

"Nilikutania lini? Hata ulipopewa uenyekiti sikucheka."

Ijumaa, mchana kweupe, waliibeba. Walikwenda watu kumi na wanane, na Notburga alimuuzia kila mmoja tiketi.

Jumapili, hotelini kwetu, watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Kabla ya kura, mwenye hoteli akasoma barua iliyofika asubuhi: sisi wa Moosbichl tunayo nguzo yenu, tunataka mapipa manne ya bia, soseji za watu sitini, na mwenyekiti wenu atuhudumie mezani.

Ukumbi ukalipuka, nusu matusi, nusu furaha, maana angalau imepatikana. Korbinian peke yake alikuwa anatabasamu.

"Kaeni, kaeni. Waongo hao. Hawana nguzo yoyote. Hatutoi hata soseji moja."

"Labda wanayo," nikasema kwa unyonge kutoka nyuma.

"Zenzi, wewe nyamaza, umeshatuponza! Nawaambia hawana! Nguzo iko mahali salama, ina kufuli, na..."

Akainyakua bilauri yake ya bia, akainywa yote.

"Na wewe unajuaje?" Aliyeuliza si mimi. Ni Rosina, mkewe, meza ya mbele. Hakuinua sauti. "Korbinian, siku ile ya ng'ombe wa Zenzi, kitambaa changu cha jikoni kilikuwa kinatafuta nini ndani ya lori lako?"

Nikapita katikati ya watu, nikaweka picha mezani. Xaver amekaa kwenye kile kifundo cha pua ya nguruwe, ameinua bilauri. Kwa siku tatu nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia Korbinian. Nilipouona uso wake sikuyahitaji.

Kura ilipigwa hata hivyo, wanawake tukashinda. Kitabu kikaletwa, Rosina akatoa kalamu ya wino, na Korbinian akaandika upya jina langu, kisha la mkewe, kisha majina ya wanawake wengine watano. Bia alinunua yeye. Mei mosi aliwahudumia Moosbichl amevaa aproni yenye maua, na kusema kweli ilimkaa vizuri.

Mwaka huu amebaki mlinzi wa kawaida, zamu moja na mimi, na mimi ndiye mkubwa wa zamu. Simu yake naitia mfukoni mwangu. Juzi saa sita mchana ikalia, nikapokea.

"Nani?" akauliza.

"Mkeo. Anasema ng'ombe wako wako barabarani, karibu na daraja."

Alicheka mpaka tumbo likatikisika, akakunja mikono, akaiegemea nguzo. "Hunipati, Mama Zenzi. Mimi siondoki hapa."

"Haya, kaa," nikamwambia.

Na walikuwa barabarani kweli, wote kumi na tisa.