Darasa la Matofali

Jumatatu moja ya Februari 2013, saa mbili asubuhi, Epifania Habonimana aliegemeza ubao kwenye mgomba, nyuma ya chuo kimoja cha ualimu nje kidogo ya Kasulu, akayasalimu matofali mabichi mia na themanini. Kwa wilaya ile hilo lilikuwa darasa la kawaida. Shule za jirani zilishajaa wanachuo wa vyuo vingine, basi mkuu wa chuo, Mwalimu Tharsisi, akaamua kila mwanachuo afanyie mazoezi ya kufundisha kwenye safu yake ya matofali.

"Hayatoroki, wala hayaombi ruhusa ya kwenda chooni," alisema, na kwa hilo hakusema uongo.

Epifania alitaka cheti tu, akafundishe kwao Mabamba, ambako darasa la pili lilikuwa halina mwalimu tangu mwaka juzi.

Wiki ya kwanza matofali yalinyamaza. Wiki ya pili alipouliza kama yameelewa, tofali moja la nyuma likasema halijaelewa. Akarudia kwa Kiha, lugha ya kwao.

"Ego, mwalimu!" yakaitikia yote kuwa ndiyo.

Akaandika kwenye andalio la somo kwamba somo limeeleweka, akaenda kula maharage.

Safu ya pili ilikuwa ya mwenzake Haidari, kijana wa suruali iliyopigwa pasi. Yeye aliyanakilisha ya kwake tangu asubuhi mpaka mchana.

Mwezi Machi matofali yakachomwa. Tofali likishaiva halisahau. Ya Epifania yakajenga ukuta wa jiko la chuo, ya Haidari yakajenga choo.

Mpishi, Mama Mwamvua, umri miaka hamsini na sita, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Sasa akisonga ugali, ukuta unamwuliza herufi ya leo. Akikosea unamwambia pole, jaribu tena mama, angalia moto. Chooni nako kulisikika neno moja tu, "Nakilini!" Wanachuo wakazoea kuingia na kalamu.

Julai matokeo ya mtihani wa ualimu yakatoka. Haidari alikuwa wa kwanza. Epifania alishindwa. Swali lililomwangusha lilikuwa mwalimu afanye nini wanafunzi wasipoelewa, na jibu la kwenye madaftari lilikuwa na hoja tano. Yeye aliandika moja: ajiulize yeye kakosea wapi.

Agosti akaja mkaguzi, Bi Kudra, kupima kama chuo kinaandaa walimu au kinakusanya watu. Alipofika jikoni aliuliza saba mara nane. Ukuta ukamjibu hamsini na sita, kisha ukamwomba Mama Mwamvua apange maharage mafungu saba ya nane nane ili mgeni naye aone imekujaje. Epifania alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani kawafundisha?" aliuliza Bi Kudra.

"Mwalimu Epifania," ukuta ukajibu.

Bi Kudra akapitisha kidole kwenye orodha yake. "Huyu kashindwa."

"Sisi je, tumeshindwa?" ukuta ukauliza.

"Nyie hamjashindwa. Tatizo fomu. Ina nafasi ya wanafunzi wa kike na wa kiume, basi."

"Andika wa kike," alisema Mama Mwamvua. "Hawa wanakaa jikoni."

Bi Kudra alicheka mpaka akashika mwiko asianguke. Alikuwa mtu mzuri. Akafikiri, akala ndizi mbivu mbili, kisha kwenye kifungu cha majengo akaandika: imara sana. Chuo kikapewa daraja la juu, na mwaka uliofuata kikapokea wanachuo mara mbili. Mwalimu Tharsisi akaagiza udongo zaidi.

Siku ya kuondoka, Agosti hiyohiyo, Epifania alipita jikoni kuaga, begi begani.

"Weee, huendi popote!" alisema Mama Mwamvua. "Wenzangu wamekuja kuniona nikisoma, na hapa hamna hata gazeti. Nipe karatasi, mwanangu, yoyote."

"Ninayo hii tu, mama."

Mama Mwamvua akafuta mikono kwenye kanga, akashika karatasi ya matokeo kwa mkono mmoja, akaweka kidole cha mkono wa pili kwenye herufi, akaanza. E-pi-fa-ni-a. Ha-bo-ni-ma-na. A-me-shi-ndwa. Hakuruka hata herufi moja. Wanawake wakapiga vigelegele, ukuta ukapiga makofi, haijulikani kwa mikono gani.

Epifania akacheka, akapangusa macho.

"Vizuri sana, mama," alisema. "Sasa rudia, bila kuweka kidole."