Kibanja Ndani ya Difu

Saa moja asubuhi ukungu ulikuwa bado umelalia mabati ya mtaa wa Kahororo. Renatha alikuwa chali juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya pikapu ya baba yake mdogo, Kaijage, akijaribu kuzungusha kwa mkono propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini matairi ya nyuma. Gari lilikuwa limetolewa gia, breki ya mkono imeachiwa, matairi ya nyuma yananing'inia juu ya jeki, na bado propela haikusogea hata kidogo.

“Klachi hiyo,” alisema Kaijage. Alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai, kofia ya sufu imefika kwenye nyusi.

“Klachi ingekwisha, injini ingenguruma na gari likabaki pale pale. Hili linazimika, kama limefungwa kamba.”

“Wewe ndiye umesoma. Mimi najua kuendesha tu.”

“Na kubadilishana,” alisema Renatha, kwa sauti ya mtu anayeongea na spana.

Kaijage aliipata pikapu hiyo kwa kuibadilisha na kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba, cha marehemu kaka yake, Philbert, kule Muleba. Mwenye gari alitaka mahali pa kupanda mikaratusi, Kaijage alitaka gari. Ukoo ulikaa ukakubali, kwa kuwa Philbert hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha Renatha, aliyekuwa chuoni akisomea ufundi wa magari, na mjane wake, Kokubanza, ambaye aliambiwa avune kwanza maharage yake ndipo atoke. Tangu hapo mama na binti walilala kitanda kimoja katika chumba cha nyuma ya gereji alikopata kazi Renatha, na mama hakuwa na swali jingine isipokuwa lini atarudi nyumbani.

Pikapu iliugua asubuhi za baridi tu. Jua likishatoka ilipanda vilima vya Muleba bila kunung'unika. Renatha alidhani oili imeganda, akaweka nyepesi. Akadhani breki zinang'ang'ania, akazifungua, akazikuta safi. Asubuhi hiyo aliitenganisha propela na difu, lile boksi la gia lililo kati ya matairi ya nyuma. Propela ikazunguka kwa kusukumwa na kidole. Basi giaboksi ilikuwa nzima na klachi nzima. Ugonjwa ulikuwa nyuma.

Akasogeza beseni, akafungua boliti ya kumwagia oili. Ukadondoka udongo mweusi, wenye unyevu, uliochanganyika na majani makavu ya mgomba. Alipoondoa mfuniko wa difu alikuta tunguu la mgomba limejikalia juu ya gia, na mizizi yake myeupe imejisokota katikati ya meno. Aliikata kwa kisu cha jikoni, kwa sababu gereji haikuwa na kifaa cha kazi hiyo.

Kaijage aliinama akachungulia. “Ndiyo maana,” alisema. “Linakula oili sana?”

“Halili. Linaigeuza udongo.”

Kokubanza aliitwa. Alichota udongo kiganjani, akaunusa. “Huu ni wa nyuma ya jiko langu,” alisema. “Nilikuwa namwaga majivu pale.” Kisha akalipapasa tunguu. “Enshakara, ndizi yetu ya kupika. Marehemu aliipanda ulipozaliwa, Renatha. Mbona mmeiweka mahali pabaya hivi?”

Asubuhi ya baridi iliyofuata lilikuwepo tunguu jingine. Renatha alikata tena. Alikuja kuelewa tabia yake: baridi ikishuka mizizi ilikaza, jua likipasha chuma ililegea na kuachia gia. Kipupwe kilipokolea chipukizi lilitoboa bodi ya nyuma, likaota katikati ya mahali pa mizigo, na likafuatiwa na mengine. Kaijage aliona yanafaa kufungia turubai. Mgomba wa kwanza ulizaa mkungu mzuri, na Kokubanza akaumenya na kuupika na maharage. Walikula wote watatu, Kaijage akaomba kuongezewa.

Ni mama aliyesema ukoo uitwe. Kwa mara ya kwanza tangu afike Kahororo alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani siku isiyo ya Jumapili.

“Kibanja kimekataa kuuzwa,” alimwambia binti yake. “Kinatufuata. Wakikiona kwa macho yao watanirudisha.”

Renatha aliiosha pikapu, akaipandisha kwenye jeki, akaacha difu wazi.

Wazee walifika. Aliyewaongoza ni Ta Apolinary, ambaye maneno yake ndani ya ukoo hayakuwahi kurudiwa mara mbili. Alichungulia difu, akapanda nyuma ya gari kwa kushikwa mkono, akakatiza kati ya migomba, akarudi akaketi. Hakuna aliyebisha. Kila mmoja aliitambua migomba ya Philbert, na mzee mmoja alikumbuka hata shina aliloliombea mbegu akanyimwa.

“Kokubanza amesema kweli,” alisema Ta Apolinary. “Kibanja ni hiki.”

Mama alipiga magoti kushukuru.

“Ngoja, mwanangu, sijamaliza. Kama kibanja ni hiki, basi kule Muleba hakuna kibanja. Kuna ardhi tu.”

“Kwa hiyo mwenye mikaratusi alipewa nini, Ta?” aliuliza Renatha.

“Rweya. Ardhi isiyo na migomba ni rweya, binti, hata mtoto anajua. Aliyepewa rweya hana kesi na mtu. Kibanja kiko garini, na gari ni la Kaijage.”

“Nami nililalamikiwa kwamba nimekiuza,” alisema Kaijage, kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa.

“Na kaburi la baba?” aliuliza Renatha.

“Kaburi halikuhama. Mwenye mikaratusi ataruhusu mtembelee mwezi wa Novemba, wa kuwaombea marehemu. Ni mtu wa dini.”

Kisha mzee alimgeukia Kokubanza, kwa upole kabisa. Alisema ukoo hauna roho mbaya. Mjane ana haki ya kukaa katika kibanja cha mumewe mpaka atakapokufa, na haki hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Kaijage hakupinga. Aliomba jambo moja, kwamba shemeji yake awe anashuka gari linapopata mzigo. Wote waliona ni haki.

Hivyo Kokubanza alirudi nyumbani. Alipanda nyuma ya pikapu na kigoda chake, sufuria na jembe fupi, akaning'iniza rozari kwenye chuma cha turubai. Siku za jua alikwenda na kibanja mpaka Kaagya kupakia kahawa, au ufukweni kusubiri boti za kisiwa cha Goziba. Mzigo ukipatikana alishuka, akabaki barabarani na kigoda.

Renatha alifikiria kuacha mizizi iendelee kukaza, gari lisiende kokote, mama apate kutulia. Alijaribu. Kaijage alilivuta gari kwa kamba mpaka gereji nyingine, na huko walichimba kila kitu, wakamwaga hata udongo. Migomba ilipoota tena, mama mwenyewe alimsihi.

“Kata wewe. Wewe unajua kubakiza.”

Sasa kila asubuhi ya baridi Renatha analala chini ya pikapu na kisu. Anakata mizizi iliyoshika meno, anaacha ile inayopita pembeni. Juu yake anasikia ufagio wa mama ukikusanya majani makavu na kuyatandaza kwenye mashina. Kisu kikigusa mzizi mnene, ufagio unasimama kidogo.

“Kata tu, mwanangu. Gari la watu linasubiriwa.”

Alhamisi moja Kaijage alikuja mapema, akipuliza viganja vyake. Boti zimeingia na dagaa, alisema, magunia ni mengi.

“Shemeji, leo nina mzigo.”

“Nimesikia, Shemeji.”

Renatha alikaza boliti ya mwisho, akashusha jeki, akampa mama mkono ashuke. Kaijage aliwasha, akatia gia, akaachia klachi. Pikapu iliondoka taratibu, majani ya migomba yakiyumba juu ya bodi, na Renatha alitega sikio kwenye difu, kama alivyofundishwa, mpaka gari lilipokata kona. Haikulia, haikugonga, haikukwaruza. Gari lilikuwa zima kabisa.