Jiwe la Anau

Kel, mchonga mawe, alifilisika mwezi wa tano, na jiwe la mama yangu likafungiwa ndani ya uwanja wake tukiwa tumebakiza dola mia sita na hamsini tu kulimaliza.

Anau, mama yangu, alikuwa amelala miaka minne chini ya msalaba wa mbao hapa Townsville, Australia. Kwetu sisi watu wa visiwa vya Torres kumzika mtu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni jiwe. Mnakusanya pesa, jiwe linasimamishwa, wakwe wanalivika vitambaa, ndugu wanatoka visiwani, vitambaa vinavuliwa, watu wanakula na kucheza mpaka asubuhi. Hapo ndipo marehemu anapumzika, na mliobaki mnaacha kulia. Kabla ya hapo hakuna aliyemaliza.

Baba alitaka kuvua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Figo zake zilikuwa zimekwisha. Mara tatu kwa wiki walimsafisha damu hospitalini, na kila mwezi alirudi mwepesi zaidi. Dada yangu Dulcie alisema tukope, jiwe lisimame upesi.

"Nina kadi ya mkopo," alisema. "Kesho tu Kel anaanza kuchonga."

"Hapana," Baba alisema.

"Baba, kila mtu anakopa. Hata mchungaji gari lake la mkopo."

"Mchungaji atajibu mwenyewe. Jiwe la mama yenu halitasimama juu ya pesa ya mtu."

Tulijua habari hiyo inatoka wapi. Babu alipiga mbizi za lulu maisha yake yote, na mshahara wake ulikatwa na duka la kisiwani kwa madeni kabla hajauona. Alipokufa, karani wa duka aliingia nyumba ya matanga akabeba cherahani ya Bibi, wanawake wakiwa bado wamekaa mkekani. Baba alikuwa na umri wa miaka tisa. Ndiye aliyeshikishwa mlango ili cherahani ipite.

Basi tukafanya kama anavyofanya mtu asiyetaka deni hapa Australia. Tukawekewa. Unachagua kitu, kinabaki kwa mwenye duka, unalipa kidogo kidogo, ukimaliza unachukua. Ndivyo nilivyonunua friji, ndivyo nilivyowanunulia watoto baiskeli za Krismasi. Mimi ni mtu wa reli, nabadilisha mataruma, shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne. Sikuwahi kudaiwa na mtu, na nililijivunia hilo.

Kila siku ya mshahara nilipitia kwa Kel na bahasha, na buti zangu za kazi miguuni. Kel alikuwa mzungu mnene mwenye vumbi kwenye nyusi. Alihesabu, akaandika risiti, kisha akanipeleka nyuma nilione jiwe. Jeusi, refu kunifika kifuani, kasa amechongwa juu, na jina la Mama chini yake. Tulipobakiza elfu moja na zaidi kidogo, tulipanga tarehe ya kulifungua, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa. Ndugu wa visiwani wakakata tiketi za ndege. Tiketi za kule hazirudishiki, na kwa bei yake unaweza kununua mashua.

Kisha siku moja nikakuta mnyororo getini na karatasi ya mfilisi, msimamizi wa mali za waliofilisika.

Mfilisi alikuwa kijana mpole. Nilimwekea risiti zote mezani.

"Nimebakiza mia sita na hamsini," nilimwambia. "Hizi hapa. Nipe jiwe langu."

"Siwezi kuzipokea, bwana. Jiwe ni la kampuni mpaka senti ya mwisho ilipwe, na kampuni haipo tena. Kel alikopa benki akaweka rehani kila kilichomo uwanjani."

"Mimi sikukopa."

"Najua."

"Sasa kwa nini nalipa mkopo wa Kel?"

Alikuna shingo. "Utaingizwa kwenye orodha ya wanaodai," alisema. "Mnada ni mwezi wa nane. Unaruhusiwa kununua."

Baba nilimwambia jiwe limefungiwa na tutalipata mnadani. Aliitikia tu.

Siku ya mnada tulikwenda watatu, mimi, Dulcie, na mumewe Abia. Yeye ni mkwe, kwa hiyo kazi ya kulisimamisha jiwe na kulivika ilikuwa yake. Nilikuwa na dola elfu moja na mia tatu taslimu mfukoni, za mchele, kuku na unga wa karamu. Waliuza msumeno, wakauza winchi, wakauza mpaka birika la chai. Mawe yaliyochongwa majina yaliachwa mwisho. Familia nyingine walisimama kando ya mawe yao kama watu wanaosubiri daktari.

Nilidhani hakuna atakayelitaka. Nani anunue jina la mama wa mtu? Dalali akaanza na mia tano, nikanyoosha mkono. Nyuma yangu mtu akasema mia nane.

Nikageuka. Alikuwa mwanamume mwenye kofia ya majani, mchonga mawe kutoka Mackay. Nikamwendea.

"Hilo lina jina la mama yangu."

"Pole sana, rafiki," alisema, na nadhani alimaanisha. "Lakini jina limeingia milimita tatu tu. Nikilisaga uso, linakuwa jiwe jipya."

"Tulishalilipia."

"Ulimlipa Kel. Mimi na Kel wapi na wapi?"

"Mwache, Saila," Abia alisema. "Ukimpiga tutanunua na meno yake."

Nikapanda mpaka elfu moja na mia tatu. Akasema elfu moja na nusu. Dalali akanitazama, nami nikatazama chini. Dulcie akaingiza kitu mkononi mwangu. Kilikuwa kadi yake.

"Baba alisema hapana," nilimwambia.

"Baba hayupo hapa. Mama yupo pale, na huyu anataka kumsaga."

"Wiki tatu, kaka," Abia akaongeza. "Watu wako njiani. Tutavika nini, msalaba?"

Nikanyoosha mkono. Nikaunyoosha mpaka yule wa Mackay akatikisa kichwa, kwa elfu tatu na mia sita. Dalali akaongeza ujira wake, mia tatu na sitini. Tukalipakia jiwe kwenye lori la Abia, tukalifunga kwa kamba, tukaondoka.

Jumamosi ile kulikuwa na watu zaidi ya mia mbili. Wakwe walikuwa wamelivika jiwe kanga nyekundu na nyeupe, mikeka, na noti zilizobanwa kwa pini. Ngoma zilikuwa tayari. Nilimshusha Baba garini kwenye kiti cha magurudumu, suti yake imekuwa kubwa, tai kaifunga mwenyewe. Dulcie alinivuta shati.

"Akikuuliza, sema ndiyo," alininong'oneza. "Neno moja tu, kaka. Haligharimu kitu."

Kabla hatujafika kwenye uzio wa makaburi Baba akashika gurudumu.

"Saila. Limelipwa?"

"Limelipwa, Baba," Dulcie alisema.

"Nimemuuliza Saila."

Nikamtazama. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kwa samaki, ufukweni. Angejua.

"Lina deni, Baba. Elfu mbili na mia sita na sitini. Kwenye kadi ya Dulcie."

Aliachia gurudumu. Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu, akakifunga tena kidole kikiwa katikati.

"Watu walifungue jiwe," Baba alisema. "Wametoka mbali. Mimi nirudishe garini."

"Baba, hukuja hapa kukaa garini."

"Mwanangu, mlango nilishaushika mara moja. Nirudishe."

Nikamrudisha. Abia ndiye aliyevua kitambaa. Watu waliimba, wanawake walilia kilio cha mwisho, kasa wa Mama aking'aa juani. Kila nilipogeuka niliona kioo cha gari kimefungwa, na Baba nyuma yake ameinamisha kichwa.

Alikufa mwezi wa kumi na moja, kadi haijaisha. Tuliimaliza mwaka uliofuata, nikifanya zamu za Jumapili.

Kel nilimpa elfu saba na mia saba na hamsini. Mnadani nilitoa elfu moja na mia tatu zangu. Kadi ya Dulcie, pamoja na riba, ilikula elfu tatu na mia moja na nne. Mfilisi alitutumia hundi ya mia tatu na kumi, ikawa imekwisha. Kwa hiyo jiwe la elfu nane na mia nne tulilinunua kwa elfu kumi na moja, mia nane na arobaini na nne. Baba hakuligusa. Yuko kando ya Mama, chini ya msalaba wa mbao, na jiwe lake hatujaanza kulilipia.